Siku Mlafi Aliponyamaza

Nyavu zilipopandishwa zilikuja na tope. Tope jeusi, zito, lenye harufu ya kitu kilichofunikwa siku nyingi, na katikati yake tairi la baiskeli. Wavuvi waliendelea kuvuta vivyo hivyo, maana mtu hakubali haraka kwamba anavuta tope. Ufukoni wanawake walikuwa wamekwishawasha matanuri ya kukaushia samaki, na moshi ulipanda vizuri kabisa. Kilichokosekana ni samaki.

Mama Moshi ndiye aliyetangulia kuwasha. Hakuona sababu ya kungoja. Aliyeinua mkono kule majini alikuwa mume wake, na tangu aolewe naye mkono ule haujawahi kudanganya mtu.

Kwa asiyejua, kazi ya mume wake ilikuwa kusikiliza mto. Wako samaki ambao kila mwaka hutoka baharini, wakapanda mto hadi kwenye kokoto za juu kutaga mayai, na wakiwa safarini huguna. Ndiyo maana watu waliwaita wagunaji. Mto wenyewe ni wa udongo, jicho haliambulii kitu. Basi msikilizaji hutangulia peke yake katika mtumbwi mdogo, hutumbukiza kasia majini, huegemeza ncha ya mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, hufumba macho. Akiwasikia, huinua mkono. Hafumbui macho mpaka nyavu zishuke, kwa kuwa sikio bado linalifuata kundi, na jicho likifunguka tu, sikio husahau lilikuwa wapi. Hilo hata watoto wa mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapotia nanga, walilijua. Kazi hiyo aliifanya baba yake, yeye akairithi, na jina alilopewa siku ya kuzaliwa likapotea njiani. Watu walimwita Sikio. Walimtania kwamba sikio halilali na njaa, na kusema kweli, kwa miaka mingi nyumba yake haikulala na njaa.

Siku ile mdogo wake, aliyekuwa mkuu wa nyavu, alilishika lile tairi akaliinua juu watu wote walione.

"Kaka," alisema, "hili nalo lilikuwa linaguna?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walioumia. Mama Moshi alimtazama mume wake, akingoja ajibu kama alivyozoea kujibu, maana Sikio hakuwa mtu wa kuacha mzaha upite bure. Lakini Sikio alikuwa akifuta kasia lake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani. Pengine hakusikia.

Na hapo ndipo wazo lilipomwingia Mama Moshi kwa mara ya kwanza, naye akalifukuza.

*

Kilichowachanganya watu ni kwamba mwaka huu hakukuwa na kisingizio. Msimu uliopita samaki walikosekana, na kila mtu alijua ni kwa nini: ni Mlafi. Ndivyo walivyoubatiza ule mtambo wa kuchimba mto, jumba la chuma linaloelea, lenye bomba nene kuliko mwili wa mtu, linalofyonza mchanga, tope na kokoto usiku na mchana ili meli kubwa zipate kina cha kupita. Mlafi alikuwa akinguruma mpaka vikombe vilitetemeka kabatini. Nani angesikia mguno wa samaki katika kelele ile?

Basi wavuvi walikwenda kuiomba kampuni yenye mtambo. Wakavuliwa kofia mlangoni, wakakalishwa kwenye benchi la walinzi, wakaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe kampuni ikakubali: katika majuma ya samaki kupanda, mtambo utazimwa. Siku Mlafi aliponyamaza watu walitoka nje ya nyumba zao. Mtoto mchanga wa jirani, aliyezaliwa ndani ya kelele, alilia kwa kuogopa ukimya.

"Sasa hatuna la kusema," mkuu wa nyavu alisema. "Tumeupata mto wetu. Kazi kwako, kaka."

Sikio akasikiliza siku baada ya siku, na mkono haukuinuka. Siku ulipoinuka, ukaleta tairi.

*

Nyumbani, Mama Moshi alimwekea mumewe maji ya kuoga, akamngoja amalize, kisha akamuuliza.

"Ulisikia nini leo?"

"Nilisikia."

"Ndiyo, mume wangu. Nauliza, nini?"

Sikio alikaa kwenye kigoda, taulo begani, akitazama vidole vya miguu yake. "Sijui," alisema.

"Hujui ulichosikia, au hujui kama ulisikia?"

Sikio alifuta kidole kimoja kwa ncha ya taulo. Mama Moshi alirudi jikoni. Akiwa huko akamwita kwa sauti ya kawaida, amletee kibiriti. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaangusha kijiko sakafuni makusudi, akachungulia mlangoni. Sikio alikuwa vilevile, na vidole vyake.

Tangu jioni hiyo nyumba iligeuka chumba cha mtihani. Mama Moshi alifunga mlango kwa kishindo kisha akaufunga polepole. Alisema maneno ya ajabu mgongoni pa mumewe: kwamba mbuzi wa jirani amekula shuka, kwamba paa linawaka. Mara nyingine Sikio aligeuka na kusema, "Mbuzi gani?" Mara nyingine hakugeuka kabisa. Hakukuwa na mpango wowote wa kueleweka. Mama Moshi alichoka akili.

Binti yao alipokuja mwisho wa juma, alikuta mama yake anamnong'oneza baba yake kisogoni, akadhani wamepatana upya kama wachumba.

Binti huyu alikuwa mpishi ndani ya Mlafi. Ndiyo hiyo kazi yake, na hakuna aliyependa kuisema. Kikulacho ki nguoni mwako, majirani walisema alipopita, lakini walisema kwa sauti ndogo kwa kuwa wengine wao walikuwa na wapwa waliosubiri kazi hukohuko. Alikuja amebeba kopo la mafuta ya kupikia na sabuni za kuogea, akaziweka mezani kwa aibu, kama mtu anayeweka kitu alichookota.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mlafi anakula vizuri?"

"Baba, tumezima. Tunakaa bure tu, tunapiga rangi."

"Na kabla hamjazima, mlikuwa mnachimba wapi?"

Binti akafikiri. "Juu kule. Penye maji madogo, penye kokoto. Walisema kokoto ile ni nzuri kwa ujenzi, wakaibeba yote kwa majahazi. Kwa nini?"

Sikio na mkewe walitazamana. Kwenye maji madogo yale ndiko wagunaji walikokwenda kutaga tangu dunia iumbwe. Lakini je, samaki aliye baharini anajuaje kwamba kokoto imebebwa? Anapelekewa barua? Mama Moshi alijaribu kulifikiri jambo hilo mpaka mwisho wake, likamshinda. Kama wamekufa, iko wapi mizoga? Kama wamehama, wamehamia mto gani, na nani amewaonyesha?

"Mzee wa duka anasema mvua zimechelewa," alisema, kwa kuwa ilibidi kusema kitu.

"Mhandisi wetu anasema wanapita chini," binti alisema. "Mto umekuwa wa kina, kwa hiyo wanapita chini sana, nyavu haziwafikii. Anasema wapo, ila nyinyi hamjui kuwatafuta."

"Anasema hivyo?" Sikio alinyanyua uso. Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitaka. "Kwamba wapo?"

*

Mkuu wa nyavu alikuja siku ya pili yake, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni, yeye ambaye kwa kawaida hufungua sufuria kabla ya kusalimia. Sikio alikuwa nje anapasua kuni zisizo na kazi.

"Shemeji," alianza, "nisamehe la tairi. Ulimi hauna mfupa."

"Yamekwisha, shemeji."

"Lakini shemeji, tuseme ukweli, sisi ni watu wazima. Kaka ni kiziwi."

Mama Moshi alichukua ufagio uliokuwa mlangoni.

"Nisikilize," mkuu wa nyavu aliendelea, na mara akawa mchangamfu, akasogea mbele. "Mwaka mzima alikaa kando ya kelele ile, kila siku, kasia limebanwa mfupani. Masikio gani yatapona? Sasa, ukipiga hesabu hiyo utaona mambo yanakwenda sawa. Mhandisi anasema samaki wapo. Mlafi amenyamaza. Mto umerudi. Kinachokosekana ni sikio tu! Tukipata msikilizaji mzima, tunavua kesho. Sisemi kwa ubaya. Kaka ameshatulisha wote. Apumzike."

Alisema vizuri, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Na lile wazo ambalo Mama Moshi alikuwa amelifukuza likarudi likiwa limevaa nguo nzuri. Alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akalitazama. Kama mumewe ni kiziwi, basi samaki wapo. Wanapita sasa hivi pale nyuma ya nyumba, wanaguna, wanene, matumbo yamejaa mayai. Matanuri yatawaka. Watu watacheka kicheko cha kawaida. Gharama ya yote hayo ni masikio mawili ya mzee mmoja, na kiziwi hafi kwa uziwi. Angemtunza. Angempigia kelele kwa upendo mpaka kifo kiwatenganishe.

Alijikuta anaomba. Alikuwa ameomba mambo mengi katika maisha yake, lakini hakuwahi kudhani kwamba ipo siku ataomba mume wake awe na ugonjwa. Aliona haya, akaendelea kuomba.

*

Kwenda kliniki ya masikio kulileta ugomvi, kwa kuwa nauli na malipo vilitoka kwa binti.

"Masikio yangu yatibiwe na aliyeyaziba?" Sikio alisema.

"Hajayaziba binti yako. Yeye anapika maharage."

"Maharage yanayomshibisha anayeyaziba."

"Haya, basi kaa," Mama Moshi alisema. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Alijuta palepale, kwa kuwa methali hiyo mwaloni walikuwa wameshaanza kumwimbia. Sikio aliinuka polepole. Kisha akaenda kuvaa shati lake la misibani, la pekee lenye vifungo vyote, akatoka akakaa kizingitini kumngoja.

Kliniki ilikuwa na viti vya plastiki vilivyoungana na picha ya sikio lililokatwa katikati, jekundu ndani kama tunda. Mwanamke wa mapokezi, aliposikia shida ni nini, aliinama dirishani akapiga ukelele:

"BABU! KAA! HAPO!"

"Nakusikia, mwanangu," Sikio alisema. "Na walioko sokoni wanakusikia."

Mama Moshi alikaza fundo la kanga. Alijiambia kwamba ukelele si kitu, ukelele hata kiziwi huusikia.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alimwingiza Sikio ndani ya kijichumba kilichofunikwa sponji kila upande, chenye dirisha nene la kioo, akamvalisha spika za masikioni, akampa kitufe. Akisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, abonyeze. Mama Moshi aliruhusiwa kukaa upande wa pili wa kioo.

Yeye hakusikia kitu. Aliona tu kidole gumba cha mumewe. Sikio alifumba macho, kama mtumbwini. Daktari aligusa mashine yake, na kidole kikabonyeza. Akagusa tena, kikabonyeza. Daktari alipunguza, akapunguza, Mama Moshi aliona mkono wake ukizungusha kuelekea chini, na kila mara kidole gumba kile kilishuka bila wasiwasi. Usibonyeze, alimwambia moyoni. Baba watoto, nakusihi, hii moja usiibonyeze. Kikabonyeza.

Mwishowe daktari aliguna kwa mshangao, akaandika, akamfungulia mlango. Sikio hakutoka. Alikuwa bado amefumba macho.

"Baba, tumemaliza."

"Naweza kukaa humu kidogo?" Sikio aliuliza. "Kama hakuna mtu anayengoja."

"Kukaa, baba?"

"Kumetulia." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakujishughulisha nayo. "Nilisahau."

Daktari akamwachia mlango, akamgeukia Mama Moshi kwa tabasamu. "Mama, mzee wako ana masikio ya kijana. Sijapima masikio kama yale mwaka huu. Pengine yalikuwa yamechoka tu na kelele, yakapumzika. Hongera."

"Hakuna hata kasoro?"

"Hata kidogo."

"Tafuta vizuri, mwanangu. Hata upande mmoja?"

Daktari alikunja uso. Mama Moshi akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya lile sikio jekundu la ukutani, na msichana wa watu akawa anampigapiga begani akisema, "Mama, hizi ni habari njema, mama, hujanielewa, nimesema ni mazima," na kadiri alivyoeleza ndivyo Mama Moshi alivyozidi kulia.

*

Walikaa kwenye ukuta mfupi wa nje wakingoja gari la kuwarudisha.

"Sasa mbona nyumbani ulikuwa hujibu?" Mama Moshi alisema. "Nimeangusha vijiko mpaka vimepinda."

"Nilivisikia. Nilichoka kujibu." Akasugua goti. "Na nilidhani labda ni kweli. Nilikuwa najaribu kuona kiziwi anakuwaje."

"Na ile siku ya tairi?"

Sikio alivuta pumzi. "Nilifumbua macho."

Mama Moshi aliacha kuangalia barabara, akamgeukia.

"Nilikaa, nikakaa. Hakuna kitu chini, mke wangu. Si mguno, si mkia. Maji tu yanapita juu ya tope. Lakini nyuma yangu nilikuwa nawasikia wao. Mitumbwi yote imetulia, hakuna anayekohoa. Unajua kungoja kwa watu kuna sauti? Kuna sauti. Ikanizidi. Nikainua mkono, kisha nikafumbua macho nione kama wameniamini. Wakatupa nyavu. Wakaniamini, nikataka kufa."

Gari moja lilipita limejaa, halikusimama.

"Tukifika tutawaambia," Mama Moshi alisema. "Daktari amesema mazima. Waende tena kwa kampuni, wakawaambie mto hauna kitu, kokoto zirudishwe."

"Na kampuni itasema wanapita chini."

"Je, wanapita chini?"

"Sijui." Alisema kwa uchungu wa mtu aliyejiuliza hilo mara nyingi. "Labda wamechelewa. Labda wanapita chini sana, labda wamechukia maji yetu. Sijui, na yule mhandisi hajui, na aliyezibeba kokoto hakuuliza. Mimi nina masikio mazima na sisikii kitu. Basi. Ndicho ninachokijua." Akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Waambie mimi ni kiziwi."

"Astaghafiru! Sitasema."

"Mdogo wangu ametengeneza nyavu upya. Ana watu kumi wa kulisha pamoja na mdomo wake mmoja. Nikimwambia nasikia, nimemwambia mto umekufa. Nikiwa kiziwi, ni mimi tu mwenye msiba."

"Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu."

"Najua. Naomba tu wapate hata hiyo fupi."

*

Walifika mwaloni mchana, na watu walikuwa wamejaa, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho. Kesho yake asubuhi Mlafi angewashwa tena. Mitumbwi ilikuwa imepangwa tayari. Mkuu wa nyavu aliacha kamba aliyokuwa anaifunga akaja mbio, wengine nyuma yake.

"Shemeji! Daktari kasemaje?"

Mama Moshi alikuwa ameamua, njia nzima. Alikuwa ameyapanga maneno kabisa: masikio yake ni mazima kuliko yenu. Lakini aliwatazama. Walikuwa wamemkazia macho kama watoto waliokaa mlangoni mwa jiko, na mke wa mmoja wao alikuwa ameshika kuni kifuani. Maneno yakamkwama. Kabla hajayakwamua, Sikio akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa.

"Eti nini?" alisema kwa sauti kubwa. "Sema kwa nguvu, mdogo wangu!"

Ilipita pumzi moja. Kisha watu wote wakapumua. Hakuna aliyethubutu kushangilia, ila kigelegele kilimponyoka mwanamke mmoja, akakikata kwa kujiziba mdomo. Mkuu wa nyavu alimkumbatia kaka yake. Alikuwa analia na kucheka, na Mama Moshi aliona kwamba anampenda kweli.

"POLE, KAKA!" alimpigia kelele sikioni. "POLE SANA! USIJALI! TUTAKUGAWIA FUNGU LAKO!"

Sikio alipepesa macho kwa maumivu ya kelele ile, akaitikia kwa kichwa kwa shukrani, akalitoa kasia lake mtumbwini akamkabidhi.

Mkuu wa nyavu aliingia yeye mwenyewe kwenye mtumbwi mdogo. Alikuwa amemwona baba yake akifanya kazi hiyo, kisha kaka yake, na hakuna kilichofichika: kasia majini, mpini mfupani, macho yamefumbwa. Mitumbwi mingine ilijipanga nyuma yake. Ufukoni watu walinyamaza mpaka mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni akaacha kujitikisa. Mama Moshi alisimama nyuma ya mumewe, kando ya tanuri lake. Licha ya yote aliyoyajua, alijikuta anangoja na yeye. Pengine daktari alikosea. Mashine hukosea. Pengine yako masikio ya mashine na yako masikio ya mto, na shemeji atasikia sasa hivi, na itakuwa kweli kwamba mumewe ni kiziwi, Mungu amjalie.

Ilichukua muda mrefu. Mkuu wa nyavu alibadili upande, akaweka mpini kwenye sikio la pili. Akarudi kwenye la kwanza. Mabega yake yalipanda. Kisha akainua mkono.

Ufuko mzima ulipasuka kwa kelele. Na katikati ya kelele hiyo Mama Moshi aliona, kwa uwazi kabisa, kwamba shemeji yake amefumbua macho. Alikuwa anatazama ufukoni, juu ya vichwa vya watu wote, anamtafuta kaka yake. Alipompata, wakatazamana. Sikio hakutikisa kichwa wala hakupunga. Aliteremsha tu mikono yake, akaishikanisha mbele, kama mtu aliye mazikoni.

Nyavu zikashuka. Wanawake wakakimbilia matanuri. "Mama Moshi!" mmoja wao aliita akiwa anapulizia. "Umelala? Washa!"

Mama Moshi alichukua kibiriti kilichokuwa kando ya tanuri lake. Mumewe alikuwa amempa mgongo, hatua chache mbele, anautazama mto, na mwalo wote ulikuwa unapiga mayowe. Aliinama juu ya kuni. Hakujua kama anawasha kwa ajili ya samaki, au kwa ajili ya shemeji, au kwa sababu mkono umezoea. Akakwangua kijiti, polepole, kikatoa ule mkwaruzo mdogo ambao hata yeye mwenyewe hakuusikia.

Sikio akageuka.

"Usipoteze kijiti, mke wangu," alisema taratibu.

Mama Moshi akakizima kwa pumzi. Kule majini walikuwa wameanza kuvuta.